Jezi Mbili kwa Wakongwe Watatu

Najua wiki nzima mmekuwa mkinisema. Tuliachana pale Karimu anafunga mlango wa stoo ya Mama Kudra kwa ndani, anausokomeza ufunguo kwenye soksi, halafu anawageukia wenzake wawili na kusema, "Mmoja wetu leo anazikwa yu hai." Msinichukie mimi jamani. Mimi sikumfungia mtu.

Kwa aliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, namweleza haraka kabla Karimu hajafungua mdomo tena. Hawa ni wachezaji wa Raskazone, timu ya Waswahili wa Bellevue, Johannesburg, iliyoanzishwa na vijana wa Tanga. Ligi yao ya Jumapili imetoa amri: msimu ujao, wa 2004, kila timu iwe na wachezaji wawili tu waliovuka miaka thelathini na mitano. Raskazone inao watatu. Deo ni kipa na nahodha. Karimu ni mshambuliaji. Leodgar ni beki wa kati.

Desturi ya Raskazone mwisho wa msimu ni hii. Kila mkongwe anaifua jezi yake, anaipiga pasi, anaileta kwa Mama Kudra, mama lishe wa timu, imekunjwa na kuiweka mezani. Akirudishiwa, yumo. Asiporudishiwa, anakula pilau yake anakwenda zake. Mwaka huu kocha Ameir hakutaka lawama. Aliwasukumia wote watatu stoo na jezi zao, akawaambia watoke na jezi mbili.

Na jezi hiyo si ya mpira peke yake. Raskazone inazika. Mwenye jezi akifa, au mkewe akifa, timu inamsafirisha mpaka kwao. Marcellin, yule Mkongo aliyekuwa winga, aliachwa msimu wa juzi, akafa kabla baridi haijaisha. Timu ikasema huyu si wetu tena. Manispaa ikamfukia pamoja na maiti zisizo na mwenyewe, na mpaka leo mama yake anapiga simu kutoka Uvira kuuliza mwanawe kalazwa wapi.

Haya, tumo stoo.

"Tusizungushane," Karimu alisema. Alikaa juu ya gunia la mchele, akanyoosha miguu kama yuko kwake. "Kwa mpira, anayetoka ni Deo."

Deo alijua neno hilo linakuja, alilisubiri tangu asubuhi, lakini kulisikia ni jambo jingine.

"Kwa mpira gani?"

"Wa Jumapili iliyopita. Bao la kwanza lilikupita katikati ya miguu. La pili ulilitazama kama unatazama basi lisilokwenda kwenu."

"Jua lilikuwa machoni."

"Jua lilikuwa mgongoni mwako, bwana. Machoni lilikuwa kwetu sisi."

Deo akamgeukia Leodgar. Na hapa inabidi niwaambie Leodgar ni nani kwa Deo, ili baadaye mkimlaani mtu mjue mnamlaani kwa lipi.

Leodgar ni mtu wa Mahenge. Alikuja nchi hii mwaka tisini na nne, amefuatana na mke Msauzi aliyemwoa Mazimbu, kule Morogoro, wakati wapigania uhuru wa huku walipokuwa wakiishi kwetu. Mke alipofika kwao akagundua kwamba mume wa Mazimbu hapendezi Soweto. Akampata mwenye gari. Leodgar akabaki na Kizulu safi na chumba kimoja Bellevue. Deo aliposhuka kutoka Mbinga, hana hata koti, chumba hicho ndicho kilichompokea, na godoro akapewa yeye huku mwenye chumba analala chini.

"Leo, sema kitu," Deo alisema, akimkatishia jina kama siku zote.

Leodgar alikohoa kwanza. Kazi yake ni kupiga rangi magari kwenye gereji moja Kensington, na moshi wa rangi ile ulishahamia kifuani kwake miaka mingi.

"Karimu hasemi uongo," alisema. "Mpira umekuacha, ndugu yangu. Lakini mimi nilikuwa nafikiria..."

Deo hakusubiri kusikia anafikiria nini. Alishaona jezi yake iko mikononi mwa mtu mwingine, alishaona shimo la manispaa, akasahau godoro.

"Unafikiria nini wewe?" alisema. "Mwambie Karimu ulikuwa unatafuta nini kliniki ya Hillbrow. Kwenye ule mlango wa pembeni. Mlango wa watu wa kupima."

Karimu akaikunja miguu yake.

"Deo," Leodgar alisema taratibu. "Ulinipa neno."

Alimpa, ni kweli. Mwezi uliopita Deo alikuwa amesimama kwenye robot, yale mataa ya barabarani, anasubiri kuvuka, akamwona Leodgar anatoka mlango ule. Leodgar naye akamwona, akaja mbio, akamshika mkono, akamgeuza na kumsindikiza mpaka kona ya pili. Njia nzima anamsihi: ulichokiona kife hapa hapa. Na Deo akaapa kwa mama yake mzazi.

"Nilikupa neno kabla hujanikaba koo," alisema Deo.

Karimu aliinuka kwenye gunia. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango.

"Amekanyaga miwaya?" aliuliza, maana Ukimwi hatuutaji kwa jina. Alimuuliza Deo, kana kwamba Leodgar ameshatoka.

"Msikie anavyokohoa. Ulidhani ni rangi?"

Msomaji, ungekuwa wewe ungekana. Hata kama ni kweli ungekana, utafute la kusema baadaye. Leodgar hakukana. Aliutazama ukuta wa mbao, na upande wa pili wa mbao zile ni jiko, na jikoni Jumapili wanakuwamo wanawake wawili: Mama Kudra mwenyewe, na Beatha, mke wa Deo, anayemsaidia kupika. Sauti ya kisu kikikata kachumbari ilikuwa imekoma. Deo hakuisikia ikikoma.

"Sema si kweli, Leo," Karimu alisema. "Sema tu. Mimi nitaamini."

"Sisemi kitu."

"Umemwona?" Deo alisema. "Umemwona mwenyewe?"

Karimu akainama, akautoa ufunguo kwenye soksi.

Nje ya stoo, ukumbini, wachezaji walikuwa wamekaa kwenye meza wanasubiri pilau, wengine bado na vumbi la uwanjani miguuni. Kocha Ameir, Mzanzibari mwenye kiduka cha cherehani mtaa wa Observatory, alikuwa ameketi kichwani mwa meza, mikono tumboni.

"Mshaamua?" alisema. "Mie n'na njaa."

Karimu aliziweka mezani jezi mbili, yake na ya Deo. Ya Leodgar aliibwaga pembeni, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Leodgar?" Ameir alishangaa. "Beki wangu? Kwa sababu gani?"

"Nahodha ataeleza," Karimu alisema, akakaa.

Kumbe kumwaga siri ya mtu ndani ya stoo ni kitu kimoja, na kuimwaga mbele ya timu nzima ni kingine. Deo alisimama. Alijaribu kutomtazama Leodgar, akajikuta anatazama sahani iliyo mbele ya Leodgar.

"Ni mgonjwa," alisema. "Ule ugonjwa. Nilimwona kliniki kwa macho yangu."

Minong'ono ikaanza. Kijana mmoja wa kiungo akasema kwa sauti kwamba ugonjwa si kosa, na kwamba Leodgar bado anakimbia kuliko nusu ya waliokaa pale. Mwingine akaitikia. Deo akaona vichwa vinaanza kutikisika upande usiofaa, na akaona mkono wa Ameir unaisogelea ile jezi iliyobwagwa.

Alikuwa amebakiza hatua ndogo tu. Akaipiga ndefu.

"Sikilizeni," alisema, na sauti ya unahodha ikamrudia. "Mimi simchukii mtu. Lakini tutazika mpaka lini? Leo tunambeba huyu, kesho mwingine, keshokutwa mfuko mtupu na wewe mzima unagongwa na gari huna wa kukurudisha kwenu. Mwenye ugonjwa huu arudishe jezi mapema. Hiyo iwe sheria, siyo ya Leodgar peke yake."

"Mchezaji tu?" Ameir aliuliza. "Au na mkewe? Maana sie twazika wote wawili."

"Nyumba nzima," Deo alisema. "Ukiingia nyumbani, jezi inatoka. Hatuchagui mtu."

Maneno mazuri hayo. Yaliwaingia. Hakuna aliyetaka kuwa Marcellin. Ameir alipoomba mikono, mikono ikapanda, na yule kijana wa kiungo aliyesema ugonjwa si kosa naye akainua wake, akiwa anatazama chini.

Basi ukatili ulipopata ruhusa, ukajiachia. Aliyekaa karibu na Leodgar alisogeza kiti chake. Mwingine akakisogeza chake kwa kuwa wa kwanza amesogeza. Mama Kudra, ambaye amekula na Leodgar sikukuu zote, alitoka jikoni, akaikamata kwa ncha ya kanga glasi aliyonywea Leodgar, akaitupa kwenye pipa la taka. Glasi ilipasuka na mtu mmoja akacheka.

Ameir akamrudishia Karimu jezi yake. Akamrudishia Deo ya kwake. Deo aliishika kwa mikono miwili. Ilikuwa bado na harufu ya sabuni, kwa sababu Beatha aliifua jana na kuipiga pasi asubuhi ile ile, na akamwambia mumewe wakati anamkabidhi, "Wakikunyima, usigombane nao, njoo tu nyumbani."

Alikuwa amepona. Nasema ukweli, alifurahi. Wala hakuona haya.

"Leodgar, una la kusema?" Ameir aliuliza.

"Sina, kocha." Leodgar alisimama, akavaa koti lake. Alipopita nyuma ya kiti cha Deo akainama kidogo. "Nilikuwa nakuachia yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Kule stoo. Hukuniacha nimalize."

Deo alicheka puani. "Ungeniachia wewe? Kwa lipi?"

"Basi tu. Una mke. Mimi sina mtu."

Akaenda zake kuelekea mlangoni. Huyo ndiye mtu aliyelala chini miezi yote ile ili Deo alale godoroni, na hakuna aliyemwambia kwaheri.

"Kaka Leo, usitoke."

Beatha alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Mikono yake ilikuwa imelowa maji ya vitunguu. Ni mwanamke asiyependa kusimama mbele za watu. Kanisani hukaa benchi la nyuma na kwenye sherehe hukaa jikoni. Sasa timu nzima ilikuwa inamtazama.

"Shemeji, rudi ndani," Leodgar alisema haraka. "Rudi, nakuomba. Mambo yameshakwisha."

"Nimesikia yote," Beatha alisema. "Ule ukuta ni mbao."

"Beatha," Deo alisema, "haya ni mambo ya timu."

"Aliyekwenda kupima ni mimi."

Hakulia. Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja jina lake ofisini, na Mama Kudra aliyekuwa nyuma yake akaondoa mkono begani mwake.

"Nilikuwa naumwa muda mrefu, Deo. Ulikuwa unaniambia ni baridi ya huku. Manesi wa pale wanasema Kizulu, na Kiingereza chao kinakimbia. Mimi najua kusalimia na kuuliza bei ya nyanya kwenye kiduka cha spaza. Nilimwomba Kaka Leo akanisemee. Ulipomwona mlangoni mimi nilikuwa bado ndani, nesi ananipa maji ya kunywa."

Deo aliinuka, jezi mkononi.

"Yeye hakupimwa chochote. Nesi alimwambia yeye kwa Kizulu, yeye akaniambia mimi kwa Kiswahili. Ikabidi arudie, kwa sababu sikutaka kuelewa. Nikamwapisha asikwambie, nikatafute mwenyewe namna ya kukwambia. Nimekaa nao mwezi mzima, Deo. Kila nikianza, unaniambia habari za jezi."

Wengi wenu mtauliza, hivi huyu mwanaume hakuwahi kujiuliza? Katika mji ambao nusu ya Waswahili hawaelewi wanachoambiwa na daktari, ambapo kila mwenye Kizulu amewahi kusimama kliniki akisemea jirani, mke wa jirani, hata mama mkwe wa jirani, Deo alimwona Leodgar mlangoni akahukumu papo hapo. Hata Deo mwenyewe alishasemewa na Leodgar kwa daktari wa meno, kwa polisi, na kwa mwenye nyumba. Alisahau kwa sababu alitaka kusahau.

Viti vikaanza tena. Safari hii vilisogea kutoka kwa Deo.

Ameir alijikuna shingo. Hakuwa na furaha, lakini hakuwa na huruma pia, na njaa ilikuwa imemwishia.

"Nahodha," alisema. "Lete jezi."

"Kocha, subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Nyumba nzima, umesema. Hatuchagui mtu, umesema. Pilau yenyewe haijapoa tangu uliposema."

Deo aliikumbatia jezi kifuani. Alijiona ni mjinga kuikumbatia hivyo, na hakuweza kuiachia.

Beatha alimsogelea mumewe. "Mimi sijapata kumjua mwanamume mwingine," alisema. "Unalijua hilo. Nakuomba uwaambie. Sitaki kitu kingine, wala hiyo jezi. Waambie tu kwamba mimi ni mkeo na sikufanya jambo baya."

Na Deo alilijua. Beatha alitoka Mbinga mwaka juzi tu, kutoka nyumbani kwa baba yake, akafikia mikononi mwa Deo. Lakini Deo alikuwa na miaka yake mingi ya wanawake wa Hillbrow kabla ya hapo, na Ijumaa zake kadhaa baada ya hapo, ambazo hakumwambia mtu isipokuwa Leodgar. Kosa lilikuwa la nani, yeye hakuhitaji mtu wa kumtafsiria.

Karimu akasogea. Ndiyo, Karimu, peke yake kati ya watu wote akasogea karibu, akaweka mdomo sikioni mwa Deo. Msidhani ni upendo. Deo na Leodgar wakitoka siku moja, Karimu anabaki mkongwe peke yake, na mkongwe aliye peke yake mwakani anafagiwa bila hata kikao.

"Bado una njia," alinong'ona. "Umesema ugonjwa ukiingia nyumbani. Sasa mwanamke akitoka nje akauleta, hiyo si nyumba yako tena. Unamwacha, unabaki safi. Ameir atakubali, hataki kumpoteza kipa katikati ya usajili."

"Hakutoka nje," Deo alinong'ona.

"Nani kakuuliza kama alitoka? Walikuwa pamoja kliniki. Wewe mwenyewe ulimwona mwanamume mlangoni, timu nzima imesikia. Mkeo kakiri kwa mdomo wake kwamba walikwenda wawili na wakakuficha. Unataka nini zaidi?"

"Leo ni ndugu yangu."

"Leo ameshatoka. Hana la kupoteza. Wewe ndiye uliye nalo."

Ameir alinyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi. "Nasubiri, Deo."

Deo aliutazama mkono ule. Akawaza kaburi la manispaa. Akamwaza mama yake Mbinga, ambaye kila akipiga simu anamwambia jambo moja tu, urudi hata ukiwa kwenye sanduku. Akamtazama Beatha, aliyekuwa anamtazama yeye peke yake, anasubiri sentensi moja. Uso wake ulikuwa umeshaanza kutulia, kwa sababu alidhani mumewe anatafuta maneno ya kumtetea.

Naam, alikuwa anatafuta maneno. Akayapata. Aliikunja jezi vizuri, akaiweka kwapani, akajikohoza, na akazungumza kwa sauti ya nahodha, ili hata waliokaa barazani wasikie.

"Beatha," alisema, "wewe na Leodgar mlianza lini?"

Leodgar alikuwa ameshafika kwenye ngazi za nje. Alisimama. Halafu akageuka, akarudi ndani, na alipopita kwenye kreti la soda akainama akaokota chupa tupu.